Mpira wa intakula uliopasuka Kitonga: nilivyojifunza kuuza spea mtandaoni

Leo nawapa kosa langu mwenyewe, ili lisiwe lenu.

Nauza spea za malori. Fremu yangu ipo Tandika, Temeke, ila wateja wengi nawapata WhatsApp. Mwaka jana dereva mmoja alinitumia picha ya mpira wa intakula umechanika, akaandika: "Dogo, huu unao?" Nikaingia stoo, nikaona mpira wa silikoni wa bluu, umbo lile lile. Nikajibu fasta: "Upo kaka, 45,000." Boda akaupeleka Kurasini alikokuwa anapakia. Nikajiona mjanja.

Siku ya pili usiku simu ikaita. Yuko mlima Kitonga na mzigo wa Zambia, mpira umepasuka, gari linatoa moshi mweusi, halina nguvu. Hakunitukana. Alisema tu, "Mdogo wangu, ungesema huna ningetafuta kwingine." Iliniuma kuliko tusi.

Kumbe nilimuuzia mpira wa rejeta. Kwa macho vinafanana, kazi tofauti. Mpira wa rejeta unabeba maji ya nyuzi 100 hivi, presha ndogo. Wa intakula unabeba hewa inayosukumwa na tabo. Upande wa kutoka kwenye tabo hewa hiyo inaweza kuvuka nyuzi 150, na kwenye injini kubwa presha inafika bar 2 na zaidi. Barabara ya tambarare unaweza kuvumilia. Mlimani na mzigo, tabo inasukuma kwa nguvu zote, hapo ndipo unapojulikana.

Tangu siku ile sijibu "upo" kabla ya kujua haya:

1. Namba ya spea au namba ya chasisi. Jina la gari peke yake halitoshi, modeli moja inaweza kuwa na injini tofauti.
2. Upande gani: unaotoka kwenye tabo, au unaotoka intakula kwenda kwenye injini? Wa kwanza ndio wa moto zaidi.
3. Vipimo kwa milimita: upana wa ndani wa kila mdomo, urefu, na mikunjo mingapi. Mdomo mmoja unaweza kuwa mpana kuliko mwingine. Namwambia mteja apime bomba la chuma kwa nje, maana mpira wa zamani umeshatanuka.
4. Hali ya ule wa zamani. Ukiwa umelowa oili na kulegea, huenda tabo inavujisha. Silikoni ya kawaida haipatani na oili. Mpya nao utaharibika, kwa hiyo namwambia aangalie tabo kwanza, au achukue wenye utando wa ndani unaohimili oili.

Kabla ya kununua mzigo kwa jumla, kata au angalia mdomo wa mpira: utaona tabaka za nyuzi. Rangi haikwambii kitu. Bluu, nyekundu na nyeusi zote zinaweza kuwa nzuri au feki.

Mpira ukitoka, natuma na maelezo mafupi ya kufunga. Futa oili na vumbi kwenye bomba. Sukuma mpira upite ule ukingo wa bomba, klipu ikae nyuma ya ukingo, sio juu yake. Tumia klipu ya bolti, na ya springi ndio bora zaidi kwa sababu inafuata mpira unapotanuka na kusinyaa kwa joto. Ukikaza kupita kiasi unaukata. Baada ya safari ya kwanza, injini ikiwa imepoa, angalia tena.

Na kila gari likiingia gereji, ubonyezwe kwa mkono: ukilegea, ukivimba au ukionyesha nyufa, badilisha. Dalili nyingine ni mluzi ukikanyaga mafuta, gari kuchoka mlimani na dizeli kuisha haraka.

Yule kaka nilimrudishia hela yake pamoja na ya fundi. Hajanunua kwangu tena, na simlaumu. Nilipoteza mteja kwa kukimbilia kujibu ndani ya dakika moja.

Wewe kwenye bidhaa yako, ni swali gani unaliruka kwa sababu unaogopa mteja atakimbia? Anza kuliuliza leo.