Waliotua Mizigo Bagamoyo

Tukiwa katika safari yetu ya motokaa kwenda Tanga, tuliona yafaa tulale Bagamoyo, mji ulio kilometa 70 hivi kaskazini ya Dar es Salaam, tuutembelee siku nzima. Hatukujuta.

Tulianzia Kaole, penye magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo, kisha tukaenda kwenye Misheni ya Kikatoliki iliyoanzishwa mwaka 1868. Pale pana mbuyu uliomeza mnyororo. Mwenzetu mmoja alikwisha anza kuwasikitikia watumwa, mzee aliyetuongoza akacheka kidogo, akasema, "Huo, wanangu, ulikuwa wa kufungia punda." Basi si kila chuma cha Bagamoyo kilimfunga mtu, ingawa vilivyofunga watu havikuwa haba.

Katika mnara wa kanisa la zamani ndimo ulimolazwa mwili wa Livingstone, Februari 1874. Sisi tuliwafikiria zaidi waliouleta: Susi, Chuma na wenzao, waliouchukua kwa miguu kwa miezi mingi kutoka nchi iitwayo leo Zambia. Alipozikwa London mwezi wa Aprili, Susi na Chuma hawakuwapo. Walifikishwa Uingereza baada ya maziko.

Na hao angalau twawajua kwa majina. Je, wale maelfu waliotoka Unyamwezi na Ujiji, kila mmoja na mzigo wa karibu frasila mbili begani, pembe wakija, nguo na shanga wakirudi? Watu huwachanganya na watumwa. Lakini Wanyamwezi wengi walikuwa vibarua wa ujira: walipatana mshahara na posho kabla ya kufunga safari, na walipopunjwa walitua mizigo njiani wakakataa kwenda. Kugoma, ndugu zetu, hakukuanza bandarini wala kwenye reli. Reli yenyewe, ilipofika Kigoma mwaka 1914, ndiyo iliyowanyang'anya kazi.

Jioni tulipita makaburi ya Wajerumani karibu na bahari. Majina yamechongwa kwenye mawe, nasi tukayasoma. Tukamwuliza mzee wetu wapagazi walizikwa wapi. Hakujibu upesi. Aligeuka, akaipa bahari mgongo, akanyosha mkono kuelekea bara, kwenye barabara ya Msata ambayo sisi tungeishika kesho yake.

"Huko kote," akasema.