Kikopo cha Kahawa na Mashine Yake: Mambo ya Kujua Kabla ya Kutia Sahihi

Katika nchi nyingi zinazonunua kahawa ya Afrika Mashariki, wanywaji wengi hawapimi tena unga kwa kijiko. Mnywaji huchukua kikopo kidogo kilichofungwa, chenye kahawa ya kikombe kimoja, akakitia katika mashine na kubonyeza kitufe. Vikopo hivyo huitwa kapsuli. Jambo hili huvihusu vyama vya wakulima pale mnunuzi anapotaka kahawa ya chama ifungwe kwa namna hiyo, au pale mgeni anapokiachia chama mashine ya aina hiyo kwa matumizi ya ofisi. Katika hali zote mbili katibu hana budi kufahamu jambo moja: hakuna kikopo kinachoingia katika mashine zote.

CHANZO CHA TOFAUTI

Mwaka 1976 Eric Favre, mhandisi wa kampuni ya Nestlé ya Uswisi, alisajili hataza ya kapsuli ya kahawa, na mwaka 1986 Nespresso ikaanza biashara. Huko Marekani kampuni ya Keurig ilileta kikopo chake, K-Cup, mwaka 1998. Kila kampuni ilibuni umbo lake na kulikinga kwa hataza. Mashine hununuliwa mara moja, bali vikopo hununuliwa kila siku, na humo ndimo mlimo na faida. Kwa hiyo tofauti za maumbo hazikutokea kwa bahati mbaya. Ni kufuli ambayo ufunguo wake huuzwa na mwenye kufuli.

AINA ZINAZOONEKANA ZAIDI

Nespresso ya asili hutumia kikopo cha alumini chenye gramu 5 hadi 6 za kahawa. Mashine hukitoboa nyuma, kisha maji ya moto yenye shinikizo kubwa huisukuma karatasi ya mbele mpaka ipasuke. Nespresso Vertuo, iliyotolewa mwaka 2014, ina jina la ukoo ule ule lakini haipokei vikopo vya ndugu yake. Vikopo vyake vina alama za mistari ukingoni. Mashine husoma alama hizo, kisha hukizungusha kikopo kwa kasi.

K-Cup ni kikopo cha plastiki chenye chujio ndani na kwa kawaida gramu 9 hadi 12 za kahawa. Maji hupita humo kwa shinikizo dogo. Dolce Gusto na Tassimo nazo zina vikopo vyao, visivyobadilishana na hivyo vilivyotajwa.

Vipo pia vifuko vya karatasi. Mfumo wa E.S.E. hutumia kifuko chenye upana wa milimita 44 na takriban gramu 7 za kahawa iliyoshindiliwa. Kipimo chake kimekubaliwa na watengenezaji wengi, hivyo mnunuzi hafungwi na kampuni moja. Kifuko cha Senseo, kilicholetwa mwaka 2001, ni kipana zaidi na hakiingii mahali pa E.S.E.

KUFULI ILIPOLEGEA

Hataza kuu za Nespresso ya asili na za K-Cup zilipofikia mwisho, takriban mwaka 2012, wafungaji wengine waliingia sokoni. Mwaka 2014 Keurig ilitoa mashine iliyokagua kifuniko na kukataa vikopo visivyokuwa na alama yake. Wateja walilalamika sana, na mwaka 2015 mkuu wa kampuni alikiri kuwa lilikuwa kosa kukiondoa kikopo ambacho mteja hukijaza mwenyewe, kikarudishwa. Huko Ufaransa, mwaka 2014, Nespresso iliahidi mbele ya mamlaka ya ushindani kuwapa washindani taarifa mapema inapobadili mashine zake.

Hata hivyo, neno «kinafaa» lililoandikwa kwenye boksi halitoshi. Ukingo usioziba sawasawa huvujisha maji pembeni, na ukuta laini hujikunja badala ya kutobolewa. Kikopo hujaribiwa katika mashine yenyewe, tena katika matoleo yake mbalimbali.

HESABU YA MKULIMA

Kilo moja ya kahawa safi hupoteza asilimia 15 hadi 20 ya uzito inapokaangwa, zikabaki gramu 800 hadi 850. Kwa kikopo cha gramu 5 na nusu, kilo hiyo hutoa vikopo karibu 150. Kwa kikopo cha gramu 10, hutoa 80 hadi 85 tu. Chama kinachokubali bei ya kila kikopo bila kutaja mfumo na uzito kinaweza kutoa kahawa karibu mara mbili kwa fedha zile zile, na hasara hiyo humwangukia mkulima aliyeichuma.

MAMBO YA KUZINGATIA

Kwanza, mkataba utaje jina kamili la mfumo, gramu za kahawa katika kila kikopo, na nani atalipia kukaanga, kusaga, kufunga na kusafirisha.

Pili, vikopo vya kuuza havifungwi kwa mkono. Kahawa iliyosagwa huchakaa haraka, hivyo kiwanda huondoa hewa kwa gesi ya naitrojeni kabla ya kuziba. Halmashauri ya chama iulize kwanza kiwanda kitakachofunga kina mitambo ya mfumo upi.

Tatu, mashine inayoletwa kutoka Marekani ikaguliwe kibandiko chake. Nyingi hutumia umeme wa volti 120, na zikiunganishwa moja kwa moja na umeme wa volti 230 wa Tanzania huharibika.

Nne, ofisi iliyopewa mashine bila vikopo itafute kikopo cha chuma cha kujaza upya, kilichotengenezwa kwa mashine hiyo hiyo. Hapo wanachama wataweza kuonja kahawa yao wenyewe kama anavyoionja mnywaji wa mbali.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Katika biashara hii, daftari la katibu lianze na jina la mashine na uzito wa kikopo. Bei ijadiliwe baada ya hapo.