Je, Wajua? Tairi Linaloliwa Upande Mmoja

Je, wajua kwamba tairi lililokengeuka nusu digrii tu kutoka mwelekeo wa gari husukumwa kando karibu mita 9 katika kila kilomita moja? Safari ya kilomita 100, hizo ni kama mita 870 za kusuguliwa kwenye lami. Jicho halioni nusu digrii, lakini mpira unakwisha.

Je, wajua kwamba pembe zinazopimwa kwenye alaimenti, yaani upangaji wa magurudumu, ni tatu? Kemba ni tairi kulalia ndani au nje, ukilitazama kwa mbele. Kasta ni mlalo wa mhimili ambao gurudumu hugeukia, ukitazama gari kwa ubavuni, kama foki ya baiskeli inavyolala; ndiyo inayorudisha usukani katikati ukishamaliza kona. Tou ni jinsi matairi mawili yanavyotazamana au kupeana mgongo, ukiyaangalia kutoka juu. Mla matairi mkubwa ni tou, na bahati nzuri ndiyo rahisi kurekebisha: fundi hulegeza nati, huzungusha tairodi (fimbo inayokatisha gurudumu) kidogo, hukaza, basi.

Tou unaweza kuihisi mwenyewe. Pitisha kiganja juu ya meno ya tairi la mbele kutoka ndani kwenda nje, kisha urudishe. Kwenda kukiwa laini na kurudi kukikwaruza, matairi hayaendi njia moja. Angalia na ukingo wa ndani pia. Gari lililoegeshwa hukuonyesha upande wa nje tu, bado una meno mazuri, kumbe wa ndani umefika kwenye waya. Kata usukani mpaka mwisho, uchuchumae.

Si kila gari linalovuta upande linadai alaimenti. Barabara hujengwa na mgongo katikati ili maji yatoke, kwa hiyo Tanzania, Kenya na Uganda, tunakoendesha kushoto, gari hupenda kuteremkia kushoto kidogo. Ukivuka Rusumo kuingia Rwanda, unahamia kulia na mvuto unahama nawe. Tairi lenyewe pia huweza kuwa na kasoro: badilishanisha la mbele kushoto na la mbele kulia (isipokuwa yale yenye mshale wa upande wa kuzunguka). Mvuto ukihama, tairi ndilo lenye kesi. Ukitokea unapokanyaga breki tu, nenda kwenye breki.

Usukani unaotetemeka ukifika kasi ya kilomita 80 au 100 kwa saa kwa kawaida ni suala la balansi, inayowekwa sawa kwa vile vipande vidogo vya uzito vinavyobanwa kwenye rimu. Hiyo ni kazi nyingine kabisa.

Je, wajua kwamba uzi na rula ya milimita vinatosha kupima tou? Zipo timu za mbio za magari ambazo hadi leo hutandika uzi ubavuni mwa gari. Simcheki fundi wa mtaani mwenye uzi wake; namcheka mwenye mashine ya kamera asiyetikisa hata bushi, zile raba za maungio. Alaimenti juu ya tairodi iliyolegea ni pesa iliyotupwa: vipimo vyote vinawaka kijani kwenye kioo, gari likiruka tuta la kwanza vimeshahama. Fundi anayejua huanza na upepo wa matairi, akafuata boljointi, tairodi na bushi, ndipo apime. Kemba na kasta hutangulia, tou huwa ya mwisho, kwa sababu ukizigusa hizo mbili, nayo husogea.

Wanaoinua magari kwa spesa ili yasigonge mawe, je, wanajua kwamba pembe zimebadilika siku hiyo hiyo? Wengi huja kugundua matairi yakishakuwa vipara.

Je, wajua kwamba kwenye kona gurudumu la ndani hukata zaidi kuliko la nje, kwa kuwa duara lake ni dogo? Mpango wa kuyakatisha magurudumu hivyo ulibuniwa na Georg Lankensperger, mtengenezaji wa magari ya farasi wa Munich, na wakala wake Rudolph Ackermann akausajili Uingereza mwaka 1818. Mpaka leo unaitwa kwa jina la Ackermann. Msajili kapata sifa, mbunifu kasahauliwa.

Na je, wajua kwamba lilikuwepo gari ambalo dereva alibadilisha tou huku akikimbia? Mwaka 2020 timu ya Mercedes ya Formula 1 ilikuja na usukani ambao Lewis Hamilton aliuvuta kifuani kwenye njia iliyonyooka, matairi ya mbele yakabadili mwelekeo, kisha akausukuma mbele kabla ya kona. Hamilton alitwaa ubingwa mwaka huo. Kuanzia 2021 kanuni zikaupiga marufuku.