Dawa Isiyotoka na Mvua

Ubao hauozeshwi na umri. Huozeshwa na kuvu, na kuvu huhitaji maji. Ubao ambao unyevu wake haufiki asilimia 20 hauwezi kuoza, hata usipopakwa kitu. Mvule hudumu hata unaponyeshewa kwa sababu mti wenyewe hujaza kiini chake kemikali zinazozuia kuvu, mojawapo ikiwa kloroforini. Sehemu changa ya nje ya mvule huohuo haina kinga hiyo, nayo huoza upesi. Basi wazo la dawa za asili ni kuupa msonobari kile ambacho mvule umezaliwa nacho: tanini ya magome ya miwati, mafuta ya maganda ya korosho, au mafuta ya mwarobaini. Katika maabara zote hudhoofisha kuvu. Tatizo ni mvua. Tanini huyeyuka katika maji, na boroni, madini yanayoua kuvu bila madhara makubwa kwa binadamu, huchuruzika vilevile. Watafiti wa Ulaya wameichanganya tanini na kemikali iitwayo heksamini, ikagandamana ndani ya ubao na kushikilia sehemu ya boroni isitoke. Kwa maoni yangu, hapo ndipo penye kazi halisi. Sumu ya kuua kuvu tunayo tayari. Tunachotafuta ni namna ya kuifunga ndani ya ubao. Mabaharia wa pwani, wanaopaka majahazi sifa, yaani mafuta ya ini la papa, walilimaliza suala hilo kwa kurudia kupaka.

Atauliza mtu: kwa nini tuhangaike, ilhali dawa ya shaba, kromu na arseniki, iliyobuniwa India na Sonti Kamesan mwaka 1933, hulinda nguzo kwa miongo? Ni kweli hulinda, na kwa nguzo ya umeme iliyochimbiwa kwenye udongo mbichi sijaona dawa ya asili inayoifikia. Lakini vipande vyake vikiishia jikoni kama kuni, arseniki hubaki kwenye moshi na majivu; Marekani viwanda viliacha kuitumia kwa mbao za makazi mwishoni mwa 2003. Wala neno “asili” lisitulevye. Arseniki nayo hutoka ardhini, na mafuta ya maganda ya korosho huunguza ngozi ya anayeyapaka bila glavu. Kwa hiyo, kwa paa, milango na kuta, anza na upenu mpana na msingi ulioinuka ili ubao ubaki mkavu, kisha ndipo ununue dawa.