Jina la Nywele na Jina la Watu: Neno "Jareer" na Mizani Mbili za Lugha

1. Utangulizi

Maneno yanayotaja nywele huonekana kuwa ni sifa tupu za maumbile: laini au ngumu, ndefu au fupi. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba baadhi ya maneno hayo hayaelezi umbo bali hupanga watu kwa daraja. Na kwamba jina lile lile linaweza kuwa mzigo kwa aliyebandikwa, kisha likawa mali kwa mwingine anayelitwaa. Mfano mkuu ni neno la Kisomali "jareer", na mahali pa kulitazamia ni kambi za wakimbizi za Dadaab, katika Kaunti ya Garissa. Kiswahili nacho kitachunguzwa, maana hakina haki ya kukaa kando kama hakimu.

2. Kutoka sifa hadi nomino

Kwa Kisomali nywele ni "timo". "Timo jareer" ni nywele zilizojisokota na kushikamana. Kinyume chake ni "jileec", yaani laini. Hadi hapo hakuna la ajabu. Lakini sifa hiyo imegeuka kuwa nomino: jareer ni mtu, tena ni kundi zima la watu. Wanaoitwa hivyo hasa ni wakulima wa mabonde ya mito Juba na Shebelle, kusini mwa Somalia. Wengi wao ni wazao wa watu waliochukuliwa utumwani katika karne ya 19 kutoka nchi ambazo leo ni Tanzania, Msumbiji na Malawi: Wazigua, Wayao, Wamakua na wengineo. Waliotoroka walijenga vijiji katika misitu ya Juba, sehemu iliyojulikana kwa jina la Gosha, na Wazigua miongoni mwao wameihifadhi lugha yao.

Jambo la kuzingatiwa ni kwamba kipimo hiki hakifuati nywele. Wako wafugaji wa nasaba kubwa ambao nywele zao zimejisokota kabisa, wala hawaitwi jareer. Tena wasafiri wa karne ya 19 waliandika juu ya vijana wa kifugaji waliofuga nywele nyingi, wakazipaka samli na kuziona kuwa ni pambo la ujana. Kwa upande wa pili, mzaliwa wa Gosha huitwa jareer hata akiwa amenyoa kipara. Kinachopimwa, basi, ni nasaba. Nywele ni kisingizio tu. Nywele hizo hizo ni fahari katika kichwa kimoja na aibu katika kingine. Wahenga walisema: mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Jina hili halikuwa la utani. Liliambatana na kukataliwa katika ndoa na kuachiwa kazi za chini. Vita vilipozuka mwaka 1991, wakulima hawa, wasiokuwa na ukoo wenye silaha wa kuwatetea, waliporwa mazao na ardhi, na wengi wakakimbilia Kenya.

3. Dadaab: jina lageuka mali

Kambi za Ifo, Dagahaley na Hagadera zilianzishwa mwaka 1991 na 1992. Humo wakimbizi hawa waliendelea kuishi jirani na wale wale waliowadharau. Mabadiliko yalikuja mwaka 1999, Marekani ilipokubali kuwapokea wapatao 12,000 kama kundi lililoteswa. Katika orodha hizo hawakuandikwa jareer, bali "Wabantu wa Kisomali".

Mwanaisimu ataona ajabu ya jina hilo. "Bantu" ni istilahi ya isimu linganishi, iliyoenezwa na W. H. I. Bleek kwa sarufi yake iliyoanza kuchapishwa mwaka 1862, kwa ajili ya kutaja familia ya lugha. Sasa lilitumika kutaja watu ambao wengi wao walizungumza Kisomali tu, lahaja ya Maay hasa. Neno la darasani lilichukua nafasi ya neno la nywele.

Punde jina lilipobeba tiketi ya safari, thamani yake iligeuka. Baadhi ya watu wasiokuwa wa jamii hiyo walijaribu kujiandikisha kwa jina hilo, na vyeti vya chakula vilivyomtambulisha mtu kuwa Mbantu vikanunuliwa na kuuzwa, hata ikalazimu wahusika wahojiwe upya. Mwaka 2002 waliokubaliwa walihamishiwa Kakuma, na safari za Marekani zikaanza mwaka 2003. Jina lililokuwa likikwepwa kijijini lilitafutwa kambini. Aliyelitwaa alitaka faida yake. Historia yake alimwachia mwenyewe.

4. Kanuni hiyo hiyo kwingineko

Huko walikokwenda, kanuni hii haikuwa ngeni. Mwaka 1979 mwigizaji Mzungu, Bo Derek, alionekana katika filamu akiwa amesukwa nywele na kutiwa shanga, na mtindo huo ukasifiwa kama wake. Mwaka 1981 mfanyakazi mweusi, Renee Rogers, alilishtaki shirika la ndege la American Airlines kwa kumkataza kusuka nywele kazini. Mahakama ya New York iliikataa hoja kwamba msuko huo ni sehemu ya urithi wa wanawake weusi, na ikataja kuwa alianza kusuka baada ya mtindo kuenezwa na filamu ile. Urithi ulihesabiwa kuwa umeazimwa na mwenyewe.

Sheria za kuzuia ubaguzi wa namna hii zilianza California mwaka 2019. Jimbo la Maine, ambako Wasomali wa pande zote mbili wamehamia mji wa Lewiston, lilipitisha yake mwaka 2022. Mbele ya sheria hiyo jareer na jileec ni watu weusi sawasawa.

5. Kiswahili nacho

Kiswahili kina "nywele za singa" na "nywele za kipilipili". Tamko la kwanza husikika kama sifa njema. La pili, lililotokana na punje za pilipili, husikika kama kebehi. Hata hivyo lugha hiyo hiyo ina msamiati mpana wa ususi: kusuka, kufumua, msusi, matuta, twende kilioni. Kazi ya mkono inaheshimiwa, lakini nywele zinazoiwezesha zinadharauliwa, ingawa ni kule kujisokota kwake kunakoushika msuko usifumuke upesi.

6. Hitimisho

Jareer na kipilipili hayako sawa kwa uzito: la kwanza limekuwa jina la watu, la pili bado ni sifa. Lakini njia ni moja, na moja limekwisha kufika mwisho wake. Kwa hiyo watunga kamusi wanapaswa kuonyesha wazi matumizi ya dharau ya maneno haya, badala ya kuyapa fasili ya umbo peke yake. Mtafiti aendaye Garissa naye asiandike jareer katika orodha ya makabila kabla ya kuwauliza wahusika wanavyojiita: Mzigua atajibu kwamba yeye ni Mzigua.