Sura ya Tano: Nywele Nyingi, Unywele Mwembamba

Mji wa Isiolo, ulioko pale ambapo nyanda za Meru zinakoma na nchi kavu ya kaskazini ya Kenya inaanza, umekusanya vichwa vya kila namna: Waborana na Wameru, Waturkana na Wasamburu, na Wasomali ambao wengi wao ni wajukuu wa askari wa King's African Rifles waliokaa hapo baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Kwa hiyo mwenye duka la vipodozi karibu na soko, afunguapo mlango wake asubuhi, hana yakini kama mteja wa kwanza atakuja na nywele za kipilipili, au za singa, au zile zilizo baina ya hizo mbili, zenye mawimbi, zilizosongamana kichwani, na kila unywele mmoja wake mwembamba hata vidole visiuhisi. Sura hii ni ya huyo wa tatu, kwa sababu ndiye aghalabu atokaye dukani na kitu kisichomfaa.

Si taksiri ya mwuzaji. Bidhaa zilizojaa katika rafu za Kenya zimetengenezwa zaidi kwa ajili ya nywele za kipilipili, na hiyo ni haki, maana ndizo nywele za walio wengi; na kampuni ya L'Oréal ya Ufaransa iliponunua, mwaka 2013, biashara ya vipodozi ya Interconsumer Products, watengenezaji wa Nice & Lovely, ilikuwa inatafuta mlango wa kuingia katika soko hilo la wengi. Unywele unaojikunja sana ni mkavu kwa tabia yake, kwa kuwa mafuta ya ngozi ya kichwa hayawezi kuteremka katika mapindi yake yote, basi hutaka mafuta mazito ya kupakwa. Unywele wa mawimbi hauna shida hiyo kwa kiasi hicho, na mafuta yale yale yanayomfaa jirani humfanya mwenzake aonekane kama aliyenyeshewa mvua ya samli.

Asili ya makosa ni kuchanganya vipimo viwili visivyohusiana: wingi wa nywele na unene wa unywele. Kichwa cha mtu mzima huwa na nywele kama 100,000, pengine zaidi au pungufu, na huo ndio wingi. Ama unene ni upana wa unywele mmoja, ambao kwa kawaida hauzidi sana sehemu moja ya kumi ya milimita, na kwa walio na nywele nyembamba hushuka hata nusu ya hiyo. Bafta iliyofumwa kwa nyuzi nyingi haiwi turubali kwa sababu ya wingi wa nyuzi zake. Lakini mtu akiona fundo la nywele limejaa kiganjani, husema nywele hizi zina nguvu, akazitendea kwa nguvu: chanuo kali, moto, dawa, na mafuta ya kopo zima. Jaribio la kuondoa shaka ni rahisi. Chukua unywele mmoja ulioanguka wenyewe, uviringishe baina ya kidole gumba na cha shahada. Usipouhisi, ni mwembamba. Kisha tazama katika kioo mahali nywele zinapojigawa. Usipoiona ngozi ya kichwa ila kwa kutafuta, nywele zako ni nyingi.

Mwenye sifa hizo mbili pamoja ana mtihani wake. Ukipima nywele nyembamba na nene kwa uzito mmoja, zile nyembamba zina uso mkubwa zaidi, na uso huo wote hudai kufunikwa, ilhali kila unywele peke yake hauwezi kubeba mzigo. Fauka ya hayo, msongamano huzuia maji yasifike ndani, hivyo zile za juu huoshwa mara mbili na za ndani huachwa na jasho na vumbi la barabara ya Moyale. Dawa yake si kuongeza shampuu. Gawanya kichwa mafungu manne, ulowanishe kila fungu mpaka ngozini, ndipo utie shampuu kidogo.

Katika mafuta, ya nazi yana fadhila ambayo wanawake wa pwani waliijua bila ya maabara. Mwaka 2003 Rele na Mohile, wataalamu wa India, walilinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na ya madini, wakaona kuwa ya nazi peke yake ndiyo yaliyopunguza upotevu wa protini katika nywele, kwa sababu chembe zake ni nyembamba na hupenya ndani. Yapakwe machache kabla ya kuosha, si baada yake. Mafuta ya nyonyo ni mazito mno. Siagi, ambayo wanawake wa Kiborana wamejipaka tangu zamani, hukinga vema nywele zilizosukwa dhidi ya upepo mkavu, lakini nywele za mawimbi zilizoachwa wazi hulala chini yake.

Maji nayo yana neno lake, na hapa ndipo watu wengi hulaumu chupa isiyo na hatia. Maji ya kisima kirefu, yanayoacha ukoko mweupe ndani ya birika, yana chokaa. Na chokaa ikikutana na sabuni ya mche huganda kuwa utando unaoshika nywele, zikawa nzito na butu hata baada ya kuoshwa. Shampuu haigandi hivyo. Mwenye maji ya namna hiyo asitumie sabuni kichwani kabisa, na maji ya mwisho ayatie siki kidogo sana, kijiko kimoja katika lita moja, ili magamba ya unywele yaliyofumuka yalale tena.

Wasomali wa Isiolo wana qasil, unga wa majani ya mkunazi, mti ambao Waswahili huutumia majani yake katika kuosha maiti. Hutoa povu kwa saponini iliyomo, na ni kiosha kizuri, mradi uuchekeche kwa kitambaa, maana chenga zikinaswa katika nywele zilizosongamana kuzitoa ni kazi ya siku.

Katika kusoma chupa, tambua kwamba viungo hupangwa kwa wingi wake, kilicho kingi mbele. Yaanzayo kwa maji ni mepesi; yaanzayo kwa mafuta ya mgando ni mazito; na majina yaishiayo kwa herufi "cone" ni silikoni, ambayo si sumu, ila hujilimbikiza.

Basi msomaji mwenye fedha ya chupa moja tu asinunue shampuu, kwa kuwa qasil itamtosha. Anunue kondishena nyepesi. Unywele uliolowa una umeme hasi, na kondishena ina umeme chanya, hivyo hushika zaidi pale palipoharibika, kazi ambayo majani na mafuta ya sokoni hayaifanyi. Ipakwe kutoka masikioni kwenda chini, isuuzwe. Mafuta ya mgando yaachiwe midomo na visigino.