Hadubini na Uvimbe wa Figo kwa Watoto



Ndugu wasomaji, hapa Likombe mtoto akivimba tumbo, huenda mkasikia kwamba ana bandama au amechezewa na majini. Lakini wakati mwingine uvimbe huo uko kwenye figo, na kuchelewa ni hatari kwa maisha yake.

Saratani ya figo inayowapata zaidi watoto wadogo huitwa uvimbe wa Wilms, kwa jina la Max Wilms, daktari wa Ujerumani aliyeueleza mwaka 1899. Mara nyingi mama hugundua anapomwogesha mwanawe: hugusa kitu kigumu upande mmoja wa tumbo. Watoto wengine hukojoa damu.

Je, daktari hujuaje ni uvimbe gani? Kinyama cha uvimbe hutiwa katika dawa ya formalini kisioze, kisha hugandishwa ndani ya nta, hukatwa vipande vyembamba kuliko unywele na kutiwa rangi. Chini ya hadubini, viini vya seli huonekana vya buluu na sehemu nyingine za waridi.

Tatizo ni kwamba seli changa za saratani mbalimbali hufanana kama punje za mtama. Kwa mfano, saratani ya Burkitt, iliyoelezwa na daktari Denis Burkitt akiwa Uganda mwaka 1958, nayo huweza kuingia kwenye figo. Hapo hutumika kingamwili, ambazo hushika protini maalumu kama ufunguo na kufuli yake, na kuacha rangi ya kahawia. Viini vikishika rangi kwa kipimo cha WT1, dalili huelekea Wilms. Seli zikishika kwa CD20, huelekea Burkitt.

Faida yake ni kubwa. Wilms hutibiwa kwa dawa pamoja na kuondoa figo yenye ugonjwa, na mtoto huweza kuishi kwa figo iliyobaki. Burkitt hutegemea dawa, si kuondoa figo.

Mtume (s.a.w.) ametuhimiza kujitibu. Basi tuombe dua, na tufuate sababu. Mkiona tumbo la mtoto limevimba, msilikande wala msilichanje. Mpelekeni mapema zahanati au Hospitali ya Ligula. Ugonjwa huu ukiwahiwa, watoto wengi hupona kwa idhini ya Allah.

Allah awaponye wagonjwa wetu. Amin.